Kompyuta Moja, Wenye Nyumba Wawili

Baraka, Jumatatu 15 Septemba 2003

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na wa kwanza kulowa ni mimi. Directeur Eugène ameiweka meza yangu chini ya bati lenye tundu na yake chini ya bati zima. Nimeanza kuandika haya ili nisimwambie usoni.

Naitwa Nadège. Mimi ni fundi, karani na mpiga deki wa Redio Mwangaza wa Ziwa, hapa mjini Baraka, yaani chumba kimoja, antena moja, jenereta moja na kompyuta moja. Kompyuta ina Windows, na Windows ina virusi walioingia na disketi za kila mtu aliyewahi kutuomba kuchapisha tangazo la msiba. Jumamosi iliyopita ilizima tukiwa hewani, katikati ya kipindi cha salamu. Askari wa kizuizi cha barabarani walikuja mbio kuuliza nani amepindua redio. Niliwaambia ni kirusi. Wakaniuliza ni wa kabila gani.

Leo Directeur ametangaza dawa. Wafadhili wa Uvira watatuma fundi atutilie mfumo wa pili, unaoitwa Linux, ambao virusi hawa hawaujui. Programu ya kutangazia itakaa humo. Windows nayo itabaki, kwa sababu wafadhili haohao hawasomi ripoti iliyoandikwa kwingine. Ukiwasha kompyuta, yatatokea majina mawili kwenye kioo, nawe utachagua.

"Ni kama Kinshasa," alisema Directeur, akavuta suruali juu. "Kule beko na président mumoja na ba-vice-président bane mu nyumba moja. Sisi tutashindwa na babili?"

Jumatano 17 Septemba

Mvua. Nimehamisha meza. Directeur ameirudisha.

Jumapili 21 Septemba

Sasa niandike kinachonikosesha usingizi.

Mume wangu Lionel yuko ng'ambo ya ziwa, katika kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma. Vita vilipofika hapa alipanda mtumbwi na wajomba zake. Mimi nilibaki kwa sababu mama yake, Mama Constance, alikataa kuingia majini, na huwezi kumwacha mama mkwe ufukweni kama gunia la muhogo. Tangu hapo naishi naye. Ana mdomo, yule mama. Nikipika bukari, ugali wetu, ni laini mno, nikikaza ni jiwe. Nikinyamaza nina kiburi, nikiongea ni redio imenifundisha vibaya.

Mwezi wa sita mvuvi mmoja alituletea kaseti kutoka kambini. Sauti ya Lionel! Niliiingiza kwenye kompyuta tuipige katika salamu za Jumamosi. Wiki iliyofuata kwaya ya akina mama ilihitaji kaseti, na Mama Constance akawapa ileile. Wameimba zaburi juu ya mume wangu, pande zote mbili.

"Si ulisema amekwisha kuingia mu machine?" aliniambia. "Muntu hawezi kuwa fasi mbili."

Kwa hiyo Lionel sasa yupo ndani ya Windows peke yake. Kila nikimaliza kazi namsikiliza. Anakohoa kidogo kabla ya kila jina. Anasalimu majirani, wazee, na watu wawili waliokwisha kufa bila yeye kujua. Anasalimu mbuzi. Mimi nimo kati ya jirani na mbuzi: "Na Nadège pia." Halafu anaingia katika baiskeli yake na hatoki tena. Tuipake mafuta, tusiiache mvuani, tusimwazime Placide. Kaseti inakatika hapohapo kwenye Placide, mwenyekiti wa wasikilizaji wetu.

Tangu Juni hakuna mtumbwi ulioleta neno lingine. Sijui kama yu hai. Nasema "na Nadège pia" ni haba, na bado siwezi kulala siku ambayo sijaisikia.

Jumanne 23 Septemba

Nimetaka kumrekodi Lionel upya kwa redio-kaseti ya kwaya, maana yetu imekufa. Kwaya imekwenda nayo Lulimba kwenye semina, na barabara ya Lulimba imefungwa na watu wenye bunduki. Wananidai nini, kwaya hii?

Jumatatu 29 Septemba

Fundi amefika. Anaitwa Kamanzi, ni Munyamulenge wa milimani aliyesomea Bujumbura. Ameshuka na askari wawili, mkoba wa sidii na mwavuli. Sokoni, alipopita, mwenye kuuza chumvi alifunga chumvi yake. Watu wa huku na watu wa kule juu tumezikana vya kutosha katika vita hivi, na hakuna aliyesahau upande wake. Mimi pia nilimwangalia vibaya. Nilijiuliza kama hakukuwa na fundi mwingine duniani.

Directeur hana kitanda cha kumlaza. Akakumbuka kwamba kwetu kuna chumba cha Lionel, ambamo baiskeli hulala peke yake.

"Alale na baiskeli," alisema Mama Constance, "lakini asiiguse."

Jumanne 30 Septemba

Kamanzi hali samaki. Kwao mwanaume hulelewa kwa maziwa na samaki ni mdudu wa majini. Amekuja Baraka, ambako hata chai inanukia ndakala, dagaa wa ziwa letu.

"Anakulaka nini sasa?" Mama aliniuliza, mbele yake, kana kwamba ni mbuzi aliyenunuliwa.

"Bukari na sombe inatosha, Mama," Kamanzi akajibu mwenyewe. "Aksanti."

Mama akapika sombe, majani ya muhogo. Nilimwona akitia unga wa ndakala, viganja viwili, huku ananitazama nithubutu kusema. Kamanzi alikula, akasifu, akaomba tena. Mama akashindwa kujizuia. "Unajua muko nini mule?"

Kamanzi akakata tonge lingine. "Mama," alisema, "mi sikuona kitu. Na nyumbani usiwaambie." Akamaliza.

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Sikuwahi kumsikia akicheka tangu Lionel aondoke.

Alhamisi 2 Oktoba

Kamanzi amenieleza kazi. Diski ni chumba kimoja, na Windows ametandaza vitu vyake kila pembe. Kwanza tutavikusanya upande mmoja. Kisha tutamsukuma ukutani na kujenga ukuta mwingine katikati, mgeni apate upande wake.

"Wakati wa kusukuma, courant isikatike," alisema, akionyesha waya wa jenereta. "Ikikatika vitu vinaanguka, na sijui vitaanguka fasi gani."

Nilimwambia kuhusu Lionel. Sikupanga kumwambia. Disketi hazimtoshi, na kompyuta yetu husoma sidii tu, haiandiki. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Basi tutasukuma polepole." Nikaona haya kwa vile nilivyomwangalia sokoni.

Jumamosi 4 Oktoba

Risasi kidogo upande wa milimani, na mvua. Tulilala chini ya meza, na Directeur alichagua yangu. Akajua tundu ni nini.

Jumatano 8 Oktoba

Mkutano wa kamati ya wasikilizaji. Nilidhani ni wa kumkaribisha fundi. Kumbe mwenyekiti wetu Placide, mstaafu wa ushuru ambaye hajawahi kugusa kompyuta ila kuifuta vumbi, amesikia habari ya majina mawili kwenye kioo.

"Swali langu ni moja," alisema, amesimama. "Jina ya nani itakuwa juu?"

Kamanzi akaeleza kwamba kwa kawaida Linux hujiweka juu, na kwamba mtu asipochagua, mashine husubiri kidogo kisha huingia katika lile la juu.

"Bila vote?" akauliza Placide, ameinua mkono kama mpiga kura.

Basi vikawa vita vya tatu. Placide akasema Windows ndiye aliyekutwa hapa, ni mwenye nyumba, haiwezekani mtu aje na mkoba leo na kesho ajiandike juu ya mlango. Wengine wakapiga makofi, na niliona hawaitazami tena kompyuta, wanamtazama Kamanzi. Joto likapanda mle ndani. Kamanzi akashusha macho kwenye viatu vyake.

Mama Constance, ambaye yumo katika kamati kwa niaba ya akina mama na hajawahi kusema neno isipokuwa kuuliza soda, akainuka.

"Placide, kwako mugeni ananawa mikono nyuma yako?"

"Hapana, lakini..."

"Anapewa chakula nyuma yako? Anakalia kiti ya kuvunjika?"

"Mama Constance, hii ni mambo ya ordinateur," akajibu, akiionyesha kompyuta.

"Ni mambo ya adabu. Mugeni iko juu. Akizoea, tutamushusha."

Watu wakaangua kicheko, na hasira ikatoka kwa mlango. Hata hivyo hawakukubaliana. Mwenye nyumba ana haki yake, mgeni ana haki yake, kila mmoja alikuwa na mfano wa babu yake. Kufika jioni Directeur akatoa hukumu ya Kinshasa: majina yatapokezana, wiki hii mmoja juu, wiki ijayo mwingine.

"Ni nani atakuwa anabadilisha kila wiki?" aliuliza Kamanzi.

Wote wakanigeukia.

Ijumaa 10 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Kamanzi amepaka mnyororo wa baiskeli mafuta bila kuombwa. Mama amejifanya hajaona.

Jumamosi 18 Oktoba

Nina uchungu, lakini nitaandika yote.

Kusukuma diski ni kazi ya watu wawili na kimya. Directeur aliifanya sherehe. Alisema kifaa cha wafadhili hakigawanywi kichinichini kama nyama ya kuwinda. Akaalika chef de cité, yaani mkuu wa mji, pamoja na mwakilishi wa kamanda wa hapa chini na mwakilishi wa wapiganaji wa Mai-Mai wa juu. Hao wawili hawawezi kukaa benchi moja, kwa hiyo mmoja alikaa dirishani na mwingine mlangoni, na ikawa hakuna anayeweza kutoka.

Jenereta iliwashwa asubuhi kwa ajili ya mikrofoni. Mafuta yalikuwa kidumu kimoja tu, maana boti la Uvira halijafika. Nilimwonyesha Directeur kidumu.

"Directeur, tuanze na machine, hotuba ikuje nyuma."

"Nadège, protocole kwanza. Tutaanza kazi mbele ya baheshimiwa hawajasalimiwa?"

Akawasalimu kwa vyeo. Akakosea cheo cha yule wa mlangoni, akaanza upya kutoka juu. Chef de cité akasema machache, yaliyokuwa mengi. Kisha Placide akaombwa kufungua kwa sala. Placide akiomba haachi mtu. Aliombea redio, antena, waya wa antena, Afrika, wajane, wafungwa, na wale waliovumbua umeme. Kamanzi alikuwa amefumbua jicho moja, ananitazama, na mimi nasikia jenereta ikibadilisha sauti. Naijua sauti ile, ni kikohozi cha mwisho wa kidumu.

Amina ikapatikana. Kamanzi akanong'ona, "Tuahirishe." Directeur akasikia. Akasema wageni hawakuja kutazama koti lake. "Endelea!"

Kamanzi alikataa, hilo niliandike wazi. Alitoa mikono kabisa kwenye kibodi. Ni Directeur aliyeinama akabonyeza mwenyewe, kwa kidole chenye pete, huku amegeukia watu.

Mstari wa buluu ukaanza kutembea kwenye kioo. Watu wakapiga makofi. Ulifika kati, jenereta ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Kioo kikawa cheusi. Tukabaki tunasikia mvua juu ya bati.

"Ni kawaida?" aliuliza Directeur.

Nilitoka nje nikalia mvuani mbele ya watu wote, wa chini na wa juu. Sikuona aibu. Nilikuwa nimempoteza mume wangu mara ya pili, tena kwa sala.

Jumatatu 20 Oktoba

Tuliazima mafuta ya kuwasha tu. Windows haiamki. Kioo kinasema hakuna mfumo. Kamanzi amesema hatagusa kitu mpaka apate mafuta ya siku nzima. Redio kimya.

Jumatano 22 Oktoba

Redio ikinyamaza, mji unaongea. Sokoni wanasema Munyamulenge ametumwa kuua redio ili tusijue watakapokuja. Directeur anajua nani alibonyeza. Directeur ana malaria, haonekani.

Jioni walikuja wanaume kadhaa mlangoni kwetu, mmoja na panga, wakisema wanataka tu kumuuliza fundi maswali. Kamanzi alikuwa chumbani na baiskeli. Mama Constance alitoka na mwiko wa bukari, unga bado umeganda juu yake, akasimama mlangoni.

"Munatafuta mwenye kuua redio? Iko kwake, amejifunika blanketi na pete yake. Mwenye kumusaidia ni Placide na sala yake. Nendeni mukamate sala."

"Mama, utuachie tupite."

"Huyu anakula kwangu. Amekula hata ndakala. Mwenye kutaka kumugusa aanze na mi, halafu aende kumwelezea Lionel."

Wawili wakacheka neno la ndakala, na aliyecheka hawezi tena kukata mtu. Mwenye panga akasema mvua inakuja, wakaondoka. Mama akarudi jikoni, akasonga bukari kwa mwiko uleule. Nikamshika mabegani, akaniambia nisimzuie, bukari itaungua.

Jumapili 26 Oktoba

Directeur amepona. Amekwenda kanisani na kusema mbele ya watu kwamba "kidole kilibonyeza". Hakusema cha nani, lakini alikiinua. Sokoni chumvi imefunguliwa.

Jumatano 5 Novemba

Mvua, mvua. Barabara ya milimani haipitiki, Kamanzi bado yupo. Boti hakuna.

Siku hizi sili vizuri. Nakaa jikoni namsaidia Mama kutwanga sombe na siongei. Leo alitwanga, akaacha, akakohoa. Kikohozi kile kidogo. Nikashtuka.

"Nasalimia Mama Furaha jirani," alisema, kwa sauti nzito ya puani, sauti ya Lionel kabisa. Akakohoa. "Nasalimia muzee Abwe." Huyo ni mmoja wa waliokufa. Aliipitia kaseti yote, jina kwa jina, mbuzi na yeye, wala hakuruka. Aliisikia mara moja tu, redioni, mwezi wa sita! Akafika kwenye baiskeli, akasema ipakwe mafuta, isiachwe mvuani, Placide asiazimwe. Nilikuwa nacheka na kulia.

Hapo kaseti huisha. Mama hakuisha. Akakohoa tena, akatwanga mara moja, akasema bila kuniangalia:

"Na Nadège. Namwambia aksanti. Nilimuachia mama wa kinywa mubaya, na hakumutupa. Angeweza kuvuka, akabaki. Mama anaona. Hasemake, lakini anaona."

Kisha akatwanga kwa nguvu mpaka majani yakaruka.

Lionel hakusema hayo. Nimesikiliza kaseti ile kuliko mtu yeyote duniani. Nilichukua kopo la chumvi, nikasema, "Njo vile alisema, Mama." Na nikala bukari yote.

Jumamosi 15 Novemba

Bati limeng'oka juu ya meza ya Directeur. Mungu yupo.

Jumatatu 24 Novemba

Boti la Uvira limefika na pipa zima. Kamanzi aliwasha jenereta kabla Directeur hajafunga tai, na Placide tulimpa kazi ya kushika mwavuli juu ya jenereta, nje.

Alitia Linux katika nafasi iliyobaki. Ilichukua asubuhi nzima, nami nilikaa nimekunja vidole. Ikaamka bila matata. Kisha Kamanzi akasema tuangalie upande wa pili wa ukuta. Sikumwelewa. Akaeleza kwamba Windows amekufa na hawezi kusimama, lakini vitu vyake vilivyobaki vinaweza kuonekana kutoka kwa mgeni, kwa sababu mgeni anajua kusoma lugha ya mwenye nyumba, ingawa mwenye nyumba hakuwahi kujifunza ya mgeni.

Akafungua. Ripoti za Directeur zote zilikuwa zimesagika, na nilijitahidi kuficha furaha. Nyimbo nusu. Matangazo ya misiba, mazima. Na chini kabisa, faili niliyoipa jina mwenyewe: Lionel.

Kamanzi aliinuka, akasema anakwenda kumwona Placide. Nikatuma watu wamwite Mama Constance. Alikuja na kitenge cha kanisani, akaketi kwenye kiti cha Directeur, mikono mapajani.

Nikabonyeza. Kikohozi. "Nasalimia Mama Furaha jirani." Mama akaweka mkono mdomoni. Alitikisa kichwa kila jina lilipopita, midomo yake ikitangulia. "Na Nadège pia," akasema Lionel, akaingia kwa mbuzi, akaingia katika baiskeli. Mafuta. Mvua. Nilimwona Mama anaanza kukaza kitenge, anatazama sakafu, anajivuta mpaka ukingo wa kiti. Alikuwa anajua kwamba baada ya Placide hakuna neno tena, na kwamba tutalisikia hilo wote wawili.

Nikaizima kabla Lionel hajafika kwa Placide.

"Mama, mafuta ya jenereta inaisha," nikasema. "Ile ingine ya mwisho tunaijua."

Nje jenereta ilikuwa inanguruma kwa pipa lililofunguliwa asubuhi ileile. Mama aliisikiliza, akanitazama usoni muda mrefu kuliko alivyowahi.

"Tunaijua," alisema. Akainuka, akanifuta kitu shavuni kwa pembe ya kitenge chake, akaniambia nisichelewe kula.